Kijumba cha Leta

Juzi alikuja hapa kwetu kando ya ziwa kijana mmoja wa afya, ana ndoo na bomba la mgongoni, akaanza kunyunyizia dawa vile vyoo vya maturubai walivyojengewa wakimbizi. Nilikuwa nimeketi nje nikichambua maharage. Upepo ukaniletea harufu ya krezili, ile dawa nyeusi inayogeuka nyeupe ikikutana na maji, na mikono yangu ikaacha kazi. Wenzangu mliozaliwa wakati wa Wabelgiji mnaijua harufu hiyo. Siku hizo haikuwa harufu ya hospitali, ilikuwa harufu ya Leta, yaani serikali, na ikinusika mlimani asubuhi, kila mwanamume alitafuta shati lake.

Kijana alikuwa na hasira. Alitua ndoo karibu na miguu yangu, akaniita Koko, yaani bibi, akanieleza shida zake kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake wa kazi.

"Koko, bantu ba hapa iko na kichwa nguvu. Tunabajengea musalani, banaiangalia tu. Kiisha banaenda ku maji. Kolera itabamaliza."

Nikamwuliza mlango mmoja unatumiwa na nani na nani. Akafungua daftari lake: familia nne, mlango mmoja. Nikamwuliza kama katika hizo familia nne kuna msichana aliyeolewa anayeishi na baba wa mume wake. Akapekua daftari tena. Si mjinga, ana diploma yake na anaamka mapema kuliko wengi, ila hakuna aliyemfundisha kuuliza swali hilo. Nilimtilia chai nimweleze, lakini akanywa haraka, akapandisha bomba lake mgongoni, akaenda. Basi nawaeleza ninyi, ambao miguu yenu haiwakimbizi tena popote.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani juu ya Shasha, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, na ukigeuka unaona migomba na mashamba ya maharage mpaka kwenye mawingu. Chini ya nyumba kulipita kijito, na kijito kile kilipitia miji mingine mitano sita kabla ya kuingia ziwani. Tulichota humo, na walio chini yetu walichota humo baada yetu. Nyumbani tulikuwa Papa, Mama, mama yake Papa ambaye tulimwita Koko, mimi niliyekuwa na miaka kama saba, na Faida, mke wa kaka yangu Petro. Petro mwenyewe alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, kwa kuwa alikuwa na kazi ya migodi kule Walikale. Papa alikuwa na mguu mmoja mbovu. Shoka lilimkata akifyeka shamba la mzungu kabla sijazaliwa, na tangu hapo alitembea akiegemea upande.

Faida alitoka Ntoto, msituni, siku nyingi kwa miguu. Petro alimwona huko akaleta habari, na mbuzi walikwenda, na yeye akaja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Faida kamba zake zilikuwa nyingi. Lugha yetu hakuijua vizuri, baridi ya mlima ilimtesa, na zaidi ya yote palikuwa na heshima. Kwetu mke wa mtoto hali chakula mbele ya baba mkwe, hataji jina lake, hapiti mbele yake akiwa ameketi. Na Papa naye alifungwa na heshima ile ile. Hakuweza kumsemesha moja kwa moja. Basi alinisemesha mimi.

"Umuambie dada yako maji imeisha," Papa alisema, na Faida amesimama hatua tatu kutoka kwake, anasikia kila neno. Mimi niligeuka nikasema, "Dada, maji imeisha." Faida akasema, "Umuambie Papa, naenda kuchota." Nikageuka tena. Nilifanya kazi hiyo mchana kutwa, na sikuona ajabu yoyote ndani yake. Nilidhani kila nyumba huzaa mtoto mmoja kwa ajili hiyo.

Nilimpenda Faida kupita watu wote. Mama alikuwa na kazi, Koko alikuwa na maneno, lakini Faida alikuwa na muda. Alinisuka nywele, aliniimbia nyimbo za kwao ambazo sikuelewa hata neno, na alinipa mkufu wake wa shanga nyekundu uliotoka Ntoto, akanifunga kiunoni mwenyewe. Mpaka leo sijui kwa nini alinipa mimi kitu pekee alicholeta kutoka kwao.

Ndipo Leta ikatoa amri kwamba kila mji uchimbe choo. Shimo liwe refu kuliko mtu aliyeinua mikono, liwe na paa la majani, na kifuniko chenye mshikio. Asiye nacho ataingia buloko, yaani kifungoni. Petro alikuwa nyumbani mwezi ule, akachimba wiki mbili, akamaliza, akarudi migodini. Papa akatengeneza kifuniko cha mbao, akakipimapima mpaka kikakaa juu ya tundu bila kuacha mwanya. Alikuwa fundi mzuri Papa, na mguu wake mbovu ulimfanya apende kazi za kukaa.

Bwana Saniteri, mkaguzi wa afya wa Leta, akaja kukagua. Msifikiri ni mzungu. Alikuwa Mwafrika kama sisi, mtu wa mbali upande wa Maniema, mwenye kofia ngumu nyeupe na fimbo ndefu ya kupimia yenye alama nyekundu. Mfukoni alikuwa na kioo kidogo, alichokitumia kuelekeza mwanga wa jua shimoni ili aone chini. Alipima, akachungulia, akanusa, akamwambia Papa, "Papa, hii yako njo ya kwanza mu mulima muzima. Hata inzi haiko."

Papa alitembea na sifa hiyo wiki nzima. Kila Jumamosi alikifagia kile kijumba. Mama alikipaka udongo mweupe. Na hakuna mtu aliyeingia humo hata siku moja.

Sasa niwaeleze kosa langu, nanyi mniambie kama mngefanya tofauti. Nyuma ya migomba Koko alikuwa na kijumba chake cha mizimu, cha miti na majani, kimo chake hakinifiki kiunoni. Koko alikuwa amebatizwa, aliitwa Marta, na Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, ila hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mtu akiugua, alikwenda pale, akakohoa kidogo kuwajulisha wenyewe, akapiga makofi taratibu, akaweka ndizi mbivu na kasiksi kidogo, ile pombe ya ndizi, akawaomba waliotangulia wamwachie mgonjwa. Kijumba kile kilifagiwa, hakuna aliyelala humo, na watu wazima walipokitaja walishusha sauti.

Na hiki kipya je? Nacho kilikuwa kidogo, nacho kilifagiwa, hakuna aliyelala humo, na watu wazima walipokitaja walishusha sauti zaidi. Mama alisema "kule" tu. Nilijua kwamba kisipokuwapo Leta itakasirika, na Leta mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona uso. Bwana Saniteri alikuja mara moja moja kuchungulia chini, akasikiliza, akaandika. Nikaelewa yote peke yangu, bila kumwuliza mtu. Mizimu wetu tuliwajengea kijumba nyuma ya migomba, na mzimu wa wazungu naye alidai chake. Ila wetu walikaa juu ya ardhi, na Leta, kwa kuwa ni mkubwa, alihitaji shimo.

Kiangazi kikaingia. Kijito kikapungua mpaka mawe yakaonekana. Kwanza tulisikia kwamba katika miji ya chini watoto wawili wamekufa kwa tumbo la damu. Tukaenda kulia huko. Kabla ya siku tano kupita, Faida akashikwa.

Sitaeleza sana. Mnaoujua ugonjwa ule mnaujua. Alianza kwenda kwenye matete ya kijitoni asubuhi, akarudi, akaenda tena, akarudi, mpaka Mama akawa anamshika kwapani kumpeleka. Alikuwa mtu wa kucheka, akawa uso mtupu. Koko akachemsha maganda na mizizi aliyoijua. Mama akasali. Koko akaenda nyuma ya migomba na ndizi na kasiksi, nami nikamfuata, nikamsikia akiwaomba vizuri kabisa. Hakuna kilichobadilika. Jioni alimwambia Mama, wakati wanapepeta mtama, "Hii ugonjwa haiko ya kwetu. Haibasikie bazimu. Ilikuja na barabara."

Barabara ilikuwa ya Leta. Hata mtoto alijua hivyo, kwa sababu baba zetu waliitengeneza bila kupenda. Kwa hiyo Koko alikuwa anaomba kwenye mlango ambao sio, na Leta alikuwa amekaa pale pale nyumbani kwetu, amejengewa, amefagiwa, na tangu ahamie hajaletewa hata punje. Niliogopa mno. Niliona wazi kwamba Faida atakufa kwa sababu ya uchoyo wetu.

Siku ya kwanza nilimpelekea ndizi mbivu. Nilikohoa mlangoni, nikapiga makofi, nikainua kifuniko kwa mikono miwili, nikaidondosha, nikasikiliza. Ilichukua muda kufika. Nikasema, "Leta, kula. Uache dada." Siku ya pili nilimpelekea maharage yaliyopikwa, nimeyafunga kwenye jani. Siku ya tatu yai, nililomwibia kuku aliyekuwa analalia, na sijatubu wizi ule hadi leo. Siku ya nne Faida hakuweza kuinua kichwa. Nikafungua mkufu kiunoni, nikaushika kidogo, nikauachia. Nililia nilipouachia, si kwa ajili ya shanga, bali kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa huyo mzimu asiyeshiba.

Asubuhi iliyofuata ikaja harufu ya krezili. Bwana Saniteri alikuwa anapita mji kwa mji kwa ajili ya wale watoto waliokufa. Papa akavaa shati, akamsindikiza nyuma ya nyumba bila wasiwasi, maana aliijua sifa ya choo chake. Saniteri akainua kifuniko, akatoa kioo, akaelekeza jua. Akatazama. Akasogea, akatazama tena.

"Papa," alisema polepole, "mule ndani kuko ndizi."

Akageuza kioo kidogo.

"Na kuko yai, imepasuka. Na kuko shanga."

Papa akainama, Mama akaja, Koko akaja na fimbo yake, wote wakainamia shimo wakifuata kile kiduara cha mwanga, nami nikasimama nyuma yao nikijua kwamba mambo yangu yameharibika. Mama ndiye aliyezitambua shanga. Akageuka, akanitazama kiunoni.

"Ulizitupa kwa nini?"

"Sikuzitupa. Nilimupatia Leta," nikasema. "Nilimupatia chakula, amuache dada Faida. Hamumupatiake kitu, njo maana anakasirika."

Saniteri alivua kofia yake, akajifuta uso, na nikaona mabega yake yanatikisika kidogo. Halafu akateremsha ile fimbo ndefu mpaka chini, akaipandisha, akaitazama ncha. Ilikuwa kavu. Mabega yakatulia.

"Kumbe hamuingiake," alisema. "Hata mutu moja. Papa, shimo ya muzuri hivi, na mugonjwa iko mu nyumba. Anaenda wapi?"

Papa alitazama ziwa. Mama alitazama miguu yake. Hakuna aliyeweza kulisema neno lile mbele ya mgeni, na Faida amelala nyuma ya ukuta wa matete anasikia. Wazee wa kike, mnajua, hufika umri ambao aibu inawaacha wenyewe, na Koko alikuwa ameufikia zamani.

"Mutoto wangu," Koko alimwambia Saniteri, "usifikiri ni ubishi. Ni heshima. Baba mukwe akiingia mule, bibi ya mutoto hawezi kuingia tena, mambo yao haiwezi kulala mu shimo moja. Bibi ya mutoto akiingia wa kwanza, njo Papa anafukuzwa mu musalani yake. Basi yeye anamuachia Papa, Papa anamuachia yeye, na sisi tunabangojea. Leta ilisema shimo moja. Haikutuuliza tuko bangapi ba namna gani."

Saniteri hakukasirika. Alikaa juu ya gogo, kofia mapajani. Nilikuwa namwogopa mtu yule miezi yote, na kumbe alikuwa na mvi.

"Koko, kwetu pia iko vile," alisema. "Mi mwenyewe na bibi ya mutoto wangu hatupitake njia moja ya kisima. Lakini musikie. Bale batoto babili ba chini, ni maji njo ilibaua. Mugonjwa akienda ku matete, ugonjwa inaingia mu maji, inashuka nayo, benye kuchota chini banaikunywa. Kesho itakuwa mutoto mwingine. Ao huyu," akaninyoshea kidole. "Mugonjwa asiende tena ku kijito. Hata mara moja."

Akafungua mfuko wake, akatoa vidonge vyeupe vikubwa, akamwonyesha Mama vingapi asubuhi na vingapi jioni, akaacha chupa ya krezili na kusema tumwage majivu shimoni kila mara. Halafu akavaa kofia, akamwacha Papa na neno lake.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini sisi hatukuficha maradhi, tulificha adabu tu, na adabu ile ilikuwa imeshuka na maji mpaka kwenye vibuyu vya watu. Mambo haya ninayafikiri leo. Siku ile niliona tu Papa akisimama muda mrefu nje ya ukuta wa matete, ameupa mgongo, mkono wake umeshika bega langu.

"Umuambie dada yako," alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "ile nyumba ndogo iko yake. Mi siyaingia mule, na sitaingia. Si leo, si kesho. Umuambie hivyo."

Nikageukia ukuta. "Dada, Papa anasema..." Sikumaliza. Ndani Faida alikuwa analia kwa sauti ndogo ya mtu asiye na nguvu. Baadaye ikatoka sauti yake: "Umuambie Papa, nimesikia."

Mama akambeba. Papa alikwenda upande wa mbele wa nyumba, akatazama ziwa mpaka waliporudi.

Vidonge vilifanya kazi yake, majivu yakafanya yake, na mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba mkufu nao ulifanya wake. Faida alianza kunywa mchuzi, halafu kuketi, halafu kuuliza kwa nini kuku amebaki na mayai matano. Lakini safari za kule hazikuisha upesi, na Saniteri alikuwa amemwambia Mama kwamba hata akipona, mwezi mzima asirudi kwenye matete. Papa alipanda juu mlimani kila asubuhi na jembe begani, akijifanya anakwenda shambani, akiegemea upande wake. Alichimba, akafukia. Shimo la pili lilisubiri Petro, na Petro alikuwa Walikale.

Bwana Saniteri akarudi tena, na safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na polisi wa chifu, kwa kuwa amri ilikuwa imekazwa. Sasa waliandika kila mtu mzima wa mji kwa jina, na mahali anapokwenda. Mama akaandikwa. Koko akaandikwa. Faida akaandikwa, amesimama nyuma ya ukuta.

"Na weye, Papa?" Saniteri aliuliza.

"Mi naenda mu pori," Papa akasema.

Polisi akainua kichwa. Saniteri alimtazama Papa, akamtazama polisi, akashusha sauti. "Papa, sema tu unaingiaka humu. Niandike vile, tuende. Hakuna mwenye ataangalia."

Tulisimama wote tukingoja aseme. Neno dogo tu, na hata padri angemsamehe. Papa akageuza uso kidogo kuelekea ule ukuta wa matete.

"Nikisema vile," alijibu, "mwenye iko kule nyuma atasikia. Na akisikia, hataingia mule tena hata akifa. Andika mu pori."

Saniteri akaandika. Mkono wake ulikwenda polepole. Papa akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la Jumapili, akamwambia Mama asisahau kupalilia maharage, akamfuata polisi kwenye njia ya kuteremka, akiegemea upande. Nilimkimbilia mpaka kwenye mti wa mwisho. Aliniambia nirudi nikae karibu na dada. Wiki mbili za buloko, ndivyo walivyosema.

Siku ya kwanza Faida hakula. Siku ya pili, asubuhi na mapema, nilisikia jembe. Alikuwa nyuma ya nyumba, mbali na kile kijumba cha kwanza, kitambaa kimefungwa kichwani, analima duara katika ardhi. Mikono yake ilikuwa bado myembamba kwa ugonjwa. Alipumzika kila baada ya mapigo kumi, akalima tena.

Koko alitoka akasimama. "Mukwe anachimbia baba mukwe shimo? Hiyo haiyaonekana."

Faida hakuacha kulima. "Koko, sitamuona akiingia. Nitachimba, nitafunika, nitasahau."

"Unajua kuchimba?"

"Baba yangu ni mutu wa mitego. Nguruwe ya pori haiingiake mu shimo fupi."

Koko alifikiri. Niliona anafikiri, maana midomo yake ilitafuna bila chakula. Mwisho akavuta kigoda, akaketi pembeni, akawa anapima kina kwa fimbo yake na kutoa hukumu kwamba bado. Mama alipandisha udongo kwa kitunga na kamba ya mgomba. Mimi nilikatazwa kusogea karibu na shimo lolote, na sababu mnaijua. Siku kumi na mbili Faida alichimba. Nilimwona akishuka mpaka magotini, mpaka mabegani, mpaka ikabaki sauti tu inayoimba ule wimbo wa Ntoto kutoka chini ya ardhi, na niliogopa, nikamwita kila mara ili nisikie akijibu. Paa waliezeka yeye na Mama. Kifuniko kilikuwa kibaya, kimepinda, hakuna fundi nyumbani.

Papa alirudi asubuhi moja yenye ukungu. Walikuwa wamemnyoa kichwa, na koti la Jumapili lilikuwa limemzidi ukubwa. Alimsalimu mama yake, akamsalimu Mama, akaniwekea mkono kichwani, na ndipo akaona vijumba viwili. Alisimama. Hakuna aliyemweleza. Koko, mwenye maneno yote ya dunia, alikuwa ghafla ana kazi kubwa ya kumenya kiazi kimoja.

Papa akaenda huko nyuma. Tulimsikia akiinua kile kifuniko kibovu. Tulisikia jiwe dogo likidondoka, na muda uliopita kabla halijafika. Kisha mlango wa majani ukavutwa ukafungwa, na Mama akanikamata uso akaugeuzia upande wa ziwa.

Alipotoka aliketi kwenye gogo mbele ya nyumba. Kama desturi inavyotaka, Faida alimletea maji ya kunawa ndani ya kibuyu, akapiga magoti pembeni, uso ameugeuza, mikono imenyoshwa. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yameanza kukauka. Papa aliviangalia. Nikasogea, tayari kwa kazi yangu, nikingoja aniambie nimwambie nini.

Hakunitazama. Alichukua kibuyu kutoka mikononi mwake, akakiinamisha, akaanza kummiminia yeye maji polepole, juu ya viganja vile.

"Nawa, mwanangu," alimwambia.